Swichi ya Pijo na Kumrudisha Dada Kabula

Mwaka 1966, nikiwa na miaka tisa, baba yetu alifariki na shida ikaanza. Mama alikuwa ameshatangulia. Tulibaki wawili, mimi na dada yangu Kabula, na yeye mwenyewe alikuwa msichana wa miaka kumi na tano tu. Ndugu za baba walikuja wakaswaga ng'ombe wote, wakasema watatulea. Hawakutulea. Kabula akawa anabeba dagaa kichwani kutoka ziwani mpaka sokoni Sengerema, anarudi na unga, mimi nakula. Shule niliishia darasa la pili. Haya ninayoandika naandika kwa darasa hilo hilo la pili, na sijamwomba mtu aninyooshee.

Nyie wenzangu wa kijiweni mlipokuja kunipa pole mliniuliza: Masanja, ilikuwaje mkatoka Mwanza asubuhi mkafika jioni, safari ambayo basi linaimaliza kabla ya chakula cha mchana? Nikawajibu, swichi. Mkaona nawakatisha maneno. Basi hii hapa yote, kituo kwa kituo. Ilikuwa kabla daraja la Kigongo halijafunguliwa, tulipokuwa bado tunavuka kwa kivuko huku tunaangalia nguzo zake pembeni.

Igogo

Hospitali walituambia tumrudishe mgonjwa nyumbani. Daktari hakuzungusha maneno, na mimi napenda mtu wa hivyo. Alisema tumbo limeshaharibika, dawa haina kazi tena. Nikamweleza Kabula kama nilivyoelezwa.

"Nyumbani kwa nani?" akaniuliza.

"Kwangu hapa Igogo ni karibu. Kuna choo cha ndani."

"Masanja, sikuzaliwa nije kufia kwenye mawe ya Igogo kwa ajili ya choo. Nipeleke kwangu."

Kwake ni mbele ya Sengerema, barabara ya vumbi inayoshuka ziwani. Nyumba ile aliijenga kwa dagaa, tofali kwa tofali, mume akiwa ameshamkimbia. Na katika ukoo wetu mtu akifia njiani haingizwi ndani. Analazwa uani chini ya turubai kama mgeni, anatoka hapo kwenda kaburini bila kuvuka mlango wake. Kabula alishawaona waliolazwa uani namna hiyo, hakutaka kuwa mmoja wao. Kwa hiyo kazi niliyopewa ilikuwa moja: avuke kizingiti chake akiwa anapumua.

Mwanangu akasema tukodi gari la wagonjwa. Nikakataa, na mpaka leo nakataa. Kabula aliomba Pijo. Pijo yangu ni ile 504 ndefu, nilinunua kwa mnunuzi wa pamba aliyekuwa anahama, wakati ambao wabeba magunia wenzangu hawakuwa na hata baiskeli. Siku nilipoileta kijijini mtu wa kwanza kuipanda alikuwa Kabula. Alikaa mbele, akazungushwa kijiji kizima, kioo ameshusha ili waliotunyang'anya ng'ombe wamwone. Halafu leo anakufa nimkodie gari la watu?

Ugonjwa wa Pijo ulikuwa mmoja, swichi ya kuwashia. Unazungusha ufunguo, kimya. Unazungusha tena, inaitika. Swichi ilikuwa imeliwa na miaka. Wiki ile fundi wangu Sefu aliing'oa akafunga mpya ya dukani, inang'aa.

Sefu niwaeleze wale msiomjua, maana bila hivyo hamtaelewa yaliyotukuta Kigongo. Ni mzee kama mimi, Mzaramo, alikuja Mwanza na treni akiwa kijana akasahau kurudi kwao. Mzaramo na Msukuma ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wajukuu zako, akakamata kuku wako akachinja, ukifa akaingia kaburini akalala kabla yako. Na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Miaka yote hiyo mimi na Sefu hatujawahi kusalimiana kama watu.

Akasema atanisindikiza. "Swichi hii nyepesi mno, siiamini. Na wewe mtumwa wangu, ukiharibikiwa porini utalifunga gari kamba uanze kulichunga."

"Panda," nikamwambia. "Huna shamba la kukuchelewesha. Babu yako alishaliuza akachezee ngoma."

Tulikunja siti, tukamlaza Kabula nyuma kwenye godoro. Binti yake Tabu alikuwa ametangulia na basi la kwanza kwenda kutandika kitanda. Nikazungusha ufunguo, Pijo ikawaka mara moja.

"Umeiosha?" Kabula akauliza.

"Nimeiosha."

"Vizuri," akasema, akafumba macho.

Usagara

Mpaka Usagara tulikwenda vizuri. Pale kwenye njia panda Kabula akasema ubavu unamuuma tumgeuze. Nikazima gari tukamgeuza. Alikuwa mwepesi kama gunia la pumba. Mimi nimebeba magunia ujana wangu wote, najua uzito wa kila kitu, na uzito ule sikuupenda.

Niliporudi kwenye usukani nikazungusha ufunguo. Kimya.

"Zungusha tena," Sefu akasema.

"Nimezungusha."

"Zungusha kama mwanaume, sio kama unakoroga uji wa mkweo."

Nikazungusha. Ikaja harufu ya plastiki inayoungua. Sefu akaingia chini ya dashibodi, miguu ikabaki nje mlangoni, akaitoa ile swichi mpya. Ndani imeyeyuka kama mshumaa.

"Hii sio swichi," akasema. "Hili ni bati la kopo limepakwa rangi."

"Wewe ndiye uliyeichagua dukani."

"Nilichagua kwa macho ya Msukuma, uliniazima yako siku ile."

Ile ya zamani, ambayo angalau ukiibembeleza inaitika, tulikuwa tumeiacha Igogo juu ya meza ya gereji.

Sefu akatoa nyaya tatu zikaning'inia magotini pangu. Mbili akazisokota pamoja, hizo za kupeleka moto. Ya tatu ndiyo ya kugusisha. Ukiigusisha, starta inazunguka na cheche zinaruka, ukiiachia, injini inaendelea. Akagusisha, Pijo ikanguruma. Mama aliyekuwa anachoma mahindi pembeni akasimama, upepeo wa moto mkononi.

"Shikamooni wazee. Gari mnaiba mchana hivi?"

"Marahaba," Sefu akamjibu. "Usiku hatuoni vizuri, mwanangu."

Alitupa mahindi mawili, akachungulia nyuma akamwona Kabula. Hakucheka tena. Akasema Mungu awasaidie, akarudi kwenye moto wake.

Kigongo

Foleni ya kivuko ilikuwa imerudi nyuma mpaka kwenye vibanda vya samaki. Malori ya Geita, mabasi, pikipiki zenye magunia. Tukazima gari, Sefu akafungua ule msokoto wa nyaya mbili. Wagonjwa huwa wanapitishwa mbele, kwa hiyo nikashuka kwenda kumtafuta mwenye geti. Nikampata, binti mwenye fulana ya kung'aa na filimbi, mpole tu.

"Shikamoo baba. Mgonjwa yuko wapi?"

"Marahaba. Njoo umwone."

Tukatembea mpaka kwenye Pijo. Kabula alikuwa amelala, kajifunika kitenge mpaka usoni kwa sababu ya nzi. Sefu yuko chini ya dashibodi anazifunga nyaya kwa utepe. Binti akauliza kwa adabu, huyu ndiye mgonjwa?

Na Sefu, kutoka kule chini, bila kutoa kichwa, akasema: "Mgonjwa gani? Hiyo ni maiti ya Msukuma. Tunaipeleka ng'ambo tukaitupie fisi, wa Mwanza wameikataa, ina harufu ya michembe, vile viazi vyao vikavu."

Mimi nikacheka. Mzee yeyote wa Kisukuma angecheka, ndiyo kazi ya mtani, ugonjwa ukizidi anautukana ili uone haya. Nikamjibu kwamba fisi wakimaliza tutawapa na Mzaramo mmoja wajipanguse mdomo.

Yule binti hakucheka. Alikuwa amezaliwa mjini, mbali na huku, wa kabila lingine, hajui nani mtani wa nani. Aliona wazee wawili wanacheka. Aliona kitenge kimefunika uso. Aliona nyaya zinaning'inia pasipo swichi. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, filimbi mdomoni, akaondoka anakimbia.

Akarudi na askari. Kijana mrefu, sare imepigwa pasi.

"Wazee, kibali cha kusafirisha maiti kiko wapi?"

"Hakuna maiti," nikamwambia. "Kuna dada yangu, mgonjwa."

"Mwenzako amesema ni maiti."

"Huyo ni mtani wangu."

"Utani sio kibali, mzee."

Sefu akatoka, mikono ina grisi, akaanza kueleza utani tangu enzi za wapagazi, babu zetu walivyobeba meno ya tembo wakapita Uzaramo na kudharauliwa kule. Askari akamwacha amalize. Kisha akauliza swali la pili.

"Ufunguo wa gari uko wapi?"

"Huu hapa."

"Unaingia wapi?"

Ufunguo ninao, tundu lake halipo. Nikatoa mfukoni ile swichi iliyoyeyuka nikamwonyesha. Akaigeuza geuza mkononi. Naapa ningekuwa mimi askari ningetukamata.

Mambo ya karatasi siwasimulii, yanachosha. Nawaambia tu kwamba alituamuru tuwashe aone tunavyowasha. Tukagusisha, ikawaka. Akaenda kumwita mkubwa wake aje aone. Tukawasha tena. Mkubwa akasema zimeni, washeni. Kila mara cheche zinaruka na ule waya wa tatu unazidi kuwa mfupi. Sefu ananiangalia, mimi namwangalia. Huku kivuko kikaja, kikapakia, kikaondoka. Kikaja tena kikaondoka. Jua likapanda juu ya bati la Pijo. Nikafungua milango yote, nikasimama kumzibia Kabula jua kwa mwili wangu. Askari akadhani namzuia asione.

Nilimwambia amguse shingo. Hakutaka. Alikuwa kijana, maiti anaiogopa.

Sefu alikwenda akanunua sato wa kukaanga na ugali wa muhogo kwa mama lishe, akala akiwa ameegemea gari. Nikamuuliza unawezaje kula. "Nikifungwa na njaa utanibeba wewe?" akasema. Lakini tonge lilimponyoka likaanguka chini. Miaka yote niliyomjua hakuwahi kuangusha hata bisibisi ndogo kuliko zote.

Nadhani harufu ya samaki ndiyo ilimwamsha Kabula. Kitenge kikasogea. Yule binti wa geti akashika mkono wa askari.

"Nani amekufa?" Kabula akauliza.

"Wewe, mke wangu," Sefu akasema.

"Basi mbona wewe ndiye unayenuka."

Watu walikuwa wameshajaa, wakacheka. Askari naye akataka kucheka akajizuia. Kabula akamwita kwa kidole, akamwambia ainame. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mwanangu, mimi nakufa, ila sijafa. Nakwenda kufia nyumbani kwangu. Ukinichelewesha hapa, huyu mzee atakuwa amesema kweli, na hicho kibali utakiandika wewe."

Askari akasimama wima. Hakusema samahani na sikuitaka, alikuwa anafanya kazi yake. Alipuliza ile filimbi ya binti, akasukuma malori pembeni, tukawa gari la kwanza kwenye kivuko kilichofuata. Yule binti alikuja dirishani akanipa chupa ya maji ya baridi. Mpaka leo sijui jina lake.

Busisi

Katika kivuko kila gari linazimwa. Tukazima. Maji yalikuwa yametulia, na pembeni mafundi wa daraja wanaonekana wadogo juu ya nguzo. Kabula akaniuliza wale wanafanya nini. Nikamwambia wanajenga barabara juu ya maji, siku moja watu watavuka bila kushuka. Akasema, "Watakutana wapi sasa?"

Tulipogusa Busisi Sefu akagusisha waya. Cheche ndogo, kisha hakuna. Waya ulikuwa umeungua mpaka ndani kwenye mzizi wake, haufiki tena. Sisi tuko mbele, nyuma yetu kivuko kizima kinapiga honi.

Sasa nyie mnanijua. Pijo ile haijawahi kusukumwa na mtu. Nimekuwa nikiwaambia hivyo pale kijiweni na ilikuwa kweli. Utingo mmoja wa lori akaja.

"Babu, shuka tusukume."

"Halisukumwi."

"Basi tulitupe majini upite wewe kwa miguu."

Nikaangalia nyuma. Kabula alikuwa ananiangalia, midomo imekauka. Nikawaambia sukumeni. Walikuja wengi, wabeba samaki, makondakta, mpaka padri mmoja alikunja mikono. Ule mteremko wa kivuko, ukishuka na mzigo ni rahisi, kupanda ni kifua. Sefu alikuwa pembeni anawatukana wote waongeze nguvu. Tukafika juu, nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi. Pijo ikakohoa, ikakataa. Wakasukuma tena. Ikakubali.

Sefu alirukia ndani gari likiwa linatembea. Alipopata pumzi akaniambia kwa Kiswahili cha kawaida, bila utani, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza: "Masanja, usizime tena mpaka kwake. Na usisimame. Imechemka foleni, ukiondoa mguu kwenye mafuta itazima. Ikizima penye tambarare hatuwezi, wawili wazee."

Nikasema nimesikia.

Sengerema

Hapa ndipo mnaponiuliza sana, wale waliokwisha kusikia kwa Tabu. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Kabula alikuwa na rafiki anaitwa Milembe. Walianza wote kuuza dagaa wakiwa wasichana, kikapu kwa kikapu, na Milembe mpaka leo ana meza yake sokoni Sengerema. Mwaka ule wa 1966 siku ambazo Kabula alikuwa hakuuza, unga tuliokula ulikuwa wa Milembe. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote.

Tulipoanza kuingia mjini Kabula akajiinua kidogo kwenye godoro, akaona vibanda.

"Tumefika Sengerema?"

"Ndiyo dada."

"Nipitishe sokoni nimuage Milembe."

Ilikuwa siku ya gulio. Njia ya sokoni ilikuwa imejaa mikokoteni na ng'ombe, gari linakwenda kwa hatua ya kinyonga. Mshale wa joto ulikuwa umelala upande mwekundu. Nilimwangalia kwenye kioo. Kucha zilikuwa zimebadilika rangi.

"Dada, gari likisimama haliwaki tena."

"Dakika moja."

"Haliwaki, Kabula. Swichi imekufa."

Sefu akasema, "Nishushe mimi nikimbie, nimlete barabarani."

"Na sisi tunamsubiri tukiwa tumefanya nini? Tunazunguka kama kuku?"

"Zunguka. Mji sio mkubwa."

Nilipiga hesabu. Kulikuwa na jua kidogo limebaki, barabara ya vumbi iko mbele, na pumzi yake naisikia mpaka kwenye usukani, inakuja na kukaa, inakuja na kukaa. Angefia sokoni Sengerema angelala uani. Nikakanyaga mafuta. Soko likapita upande wa dirisha lake.

"Hata kumuaga tu?" akasema.

Niliendelea kukanyaga mafuta. Sefu alitazama nje. Kabula akajilaza taratibu, akavuta kitenge akafunika uso mwenyewe, ingawa nzi hawakuwepo, gari lilikuwa linakwenda mbio.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Hakuniambia lingine.

Nyumbani kwake

Tulifika jua linagusa ziwa. Niliingiza Pijo mpaka mlangoni, nikavunja fito za uzio wa Tabu, nikazima. Tabu na majirani wanne wakambeba kwenye godoro. Penye kizingiti Kabula akanyoosha mkono akashika fremu ya mlango. Wakasimama. Alishika kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akavuta pumzi, wote tukaisikia, kisha akaachia. Wakamwingiza.

Alikunywa vijiko viwili vya uji. Alimshika Tabu uso. Sefu alipoingia kumtukana alitabasamu. Mimi nilikaa miguuni pake, na alikuwa macho, na hakunitazama.

Asubuhi jua likiwa limeshatoka, Tabu alikuja nje na kikombe cha uji kimejaa mpaka juu. Akakiweka chini. Nikajua.

Alilazwa sebuleni kwake, ndani, kitenge kipya. Wazee wa ukoo walipokuja waliuliza jambo moja tu, alifia wapi. Tabu akasema kitandani kwake. Wakavua kofia, wakaingia.

Watu walijaa. Na Sefu akaanza kazi yake. Jirani alikuwa na mashine ya kusaga iliyokufa siku nyingi. Sefu akaing'oa kitufe chake cha kuwashia, kile cheusi cha kubonyeza kwa kidole gumba, akanyofoa na waya wake. Akatoboa dashibodi ya Pijo kwa msumari wa moto, akakifunga hapo. Kazi hiyo aliifanya katikati ya msiba, wanawake wanalia, yeye anapiga nyundo. Hakuna aliyemkataza, ni mtani. Mchungaji aliposimama kusoma, Sefu akabonyeza. Pijo ikanguruma uani mpaka kuku wakaruka.

Akatoa kichwa dirishani. "Wasukuma, nimejaribu kuwawasha wote wawili. Kabula kakataa, hili limekubali. Chagueni mtakalozika."

Watu wakacheka huku wanalia, mchungaji pia, na mimi nilicheka. Kaburini aliingia kwanza, akajilaza, akasema ni fupi, mwanamke huyu alikuwa na kiburi kirefu, ongezeni. Alikataa kutoka mpaka alipopewa jogoo. Alipotoka niliona ana udongo mashavuni, umeshika pale palipokuwa na maji.

Milembe alikuja na kikapu cha dagaa kavu. Alifika kabla hatujafukia, akatupa konzi ya dagaa ndani, sio udongo. Baadaye akaja nilipokaa.

"Mlipita sokoni juzi. Wapiga debe waliiona Pijo."

"Tulipita."

"Aliniulizia?"

"Aliomba nisimame. Gari lilikuwa halizimiki."

"Halizimiki?"

"Lilikuwa likizima haliwaki. Swichi."

Akaniangalia kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Ilikuwa imeshaisha.

Kurudi

Kurudi kulikuwa kwepesi. Unawasha moto kwa swichi ndogo ya taa Sefu aliyoifunga pembeni, unabonyeza kile kitufe, basi. Milembe aliomba tumshushe Sengerema. Alikaa mbele, alipokuwa anakaa Kabula zamani. Sefu akakaa nyuma kwenye godoro, amemkumbatia jogoo wake. Njia nzima hakumtukana mtu.

Sokoni nikaegesha penye meza yake kabisa. Nikazima. Milembe akashuka, akazunguka mpaka dirishani kwangu, akaangalia kile kitufe cheusi kwenye dashibodi.

"Leo limesimama," akasema.

Akaenda mezani kwake, akaanza kufunua dagaa.

Nyie mnasema ningekodi gari. Wengine mnasema ningemshusha Sefu akimbie. Mimi nasema nilipewa kazi moja, na niliifanya. Alivuka mlango wake anapumua. Mwenye la kuongeza aongeze akiwa kwake.

Leo nina nyumba Igogo, ya matofali, na vyumba sita nyuma yake vya kupangisha. Nina mashine ya kukoboa mpunga Buhongwa. Nina ng'ombe ishirini na watatu, wengi kuliko waliochukuliwa na ndugu za baba. Nina watoto watano, wote wamesoma kunipita. Nina Pijo, inawaka kwa kitufe, sijairudishia ufunguo. Na nina kipande cha ardhi kule kwa dada, mkono wa kushoto wa kaburi lake, urefu wa mtu mmoja. Nimeshakiwekea mawe ya mpaka. Mkono wa kulia nimewaambia wamwachie Milembe, kama atapenda.